Gari la Viti Viwili Langoni Kwangu

Kitendawili. Usiitike, leo sina subira ya kuitikiwa. Nina mgeni mwekundu: nikimpa maji anakojoa, nikimnyima anapandwa na homa. Ni nani huyo?

Mji wako baki nao, siutaki. Nakujibu mwenyewe, kwa sababu jibu limeziba lango langu tangu juzi, na mimi mtu mzima natoka kwangu ubavuubavu kama kaa.

Ni gari la mkwe wangu.

Kama toleo lililopita la safu hii lilikupita, nakudokeza. Kitindamimba wangu, mjamzito, tumbo limemtangulia, alirudi kwangu na begi akasema amemwacha mumewe. Sababu hakusema. Alijilaza kitandani kwangu, upande wa ukutani, ule ninaoupenda mimi. Kesho yake mumewe akamfuata na gari la spoti, jekundu, chini kama sahani, lina viti viwili basi. Pua ilikwisha kuingia uani, mkia bado uko barabarani, mara moshi, maji chwaa, kimya. Likafia hapohapo.

Nikawauliza: "Viti viwili, na mtoto yuko njiani. Mtampakia wapi?"

Mkwe akaingia chini ya boneti. Binti akaingia chumbani. Hapo ndipo tulipoachana mimi na wewe.

Sasa nisikilize vizuri, nisije nikaonekana mama mbaya. Nimelea wangu. Kisha nikalea wa wangu. Wa mwisho kati ya wajukuu ameondoka mwaka huu na sanduku lake, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nimelala mpaka jua likanigonga usoni. Nimeonja. Nilichokuwa nakitaka wiki hii ni kimoja: hao wawili wapatane, wapande hilo sahani lao, waende zao, nibaki na nyumba yangu na kitanda changu.

Kwa hiyo gari lilikuwa lazima lipone. Na gari lilikataa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilimpa mkwe spana.

"Mwanangu," nikamwambia, "hapo kona kuna gereji. Kamwite fundi."

"Subirini kidogo, mama."

Ndilo jina lake hilo. Jirani yangu, tunayemwita Mama Ukuta kwa sababu hatujawahi kumwona kuanzia kifuani kwenda chini, alimbatiza siku ya kwanza: Bwana Subirini.

"Nisubiri nini?"

"Mafundi wakiona gari la spoti hulizungusha mji kwanza, ndipo waliulize linaumwa wapi. Na hili ni tatizo dogo. Themostati inavuja, basi. Naibadilisha hapahapa nyumbani."

"Na kesho?"

"Kesho litakuwa linakimbia."

Kesho ilikuwa harusi. Mkwe ni mpiga picha wa maharusi, binti yangu ni mpambaji wa kumbi. Hilo gari wamelinunua libebe bwana na bibi harusi, na kulikuwa na bwana harusi mmoja ambaye tangu asubuhi alikuwa anapiga simu kuuliza kama usafiri wake umeshaoshwa.

"Umeoshwa," mkwe alimjibu. Na kweli, chini yake kulikuwa na dimbwi.

Nikavuta kigoda nikakaa karibu na pua ya gari.

"Hiyo themostati ndiyo nini hasa?"

Akanieleza marefu na mapana, injini ikiwa baridi, injini ikiwa moto, maji yanaenda huku, yanarudi kule. Nikamkatiza.

"Kwa hiyo: nina mlinzi mlangoni, akisikia baridi hufunga, akisikia joto hufungua."

"Themostati, mama."

"Umepata."

Sitaficha, nilifurahi kidogo. Kizazi hiki ukiwategea kitendawili wanatazama simu. Lakini furaha yangu haikuzeeka.

Kwanza alitaka chombo cha kukingia maji ya rejeta. Kabla sijasema neno alishavuta beseni langu la kufulia. Maji yakashuka, ya kijani kama dawa, na mimi nikafuata nyuma na sinia la kulifunika, maana yale maji ni sumu na paka wangu hana akili.

Kisha akatoa paipu kubwa ya hewa, ya plastiki, akaiweka juu ya maua yangu. Kisha paipu ya mpira, ile inayoingia kwenye themostati. Hiyo iligoma. Akaivuta. Akaizungusha. Akaisemesha. Mwisho akaegemea kwa uzito wote, ikachomoka, na Bwana Subirini akakaa chini bila kukaribishwa.

"Ndiyo hivyo hivyo," Mama Ukuta akasema kutoka juu ya ukuta wake. "Ukizaliwa na nguvu, na makalio yawepo."

"Shikamoo, mama," mkwe akamwamkia kutoka chini.

"Marahaba, baba. Inuka, pole pole."

Bolti ya mbele ya themostati ilitoka. Ya nyuma ikawa kisa. Magari haya ya chini injini imebanwa humo kama nguo kwenye sanduku la msafiri. Mkono wa mkwe ulifika kwenye kifundo ukakwama. Akajaribu wa kushoto. Ukakwama vilevile, na ngozi ikabaki humo.

"Niitie mke wangu," akasema. "Ana mikono myembamba."

Binti yangu akatokea mlangoni, mkono mmoja kiunoni. "Mke wako ainame na tumbo hili? Liko wapi hilo jeki la kuniinua mimi?"

Akarudi ndani.

Nikatazama mkono wangu. Uzee umeniachia vingi, lakini nyama haukuniachia. Nikakunja mkono wa gauni.

"Nionyeshe."

"Mama, haifai. Wewe ni mkwe wangu."

"Hapa uani hakuna mkwe. Kuna bolti. Nionyeshe."

Nikapenyeza mkono. Nikaingia hadi kwenye kiwiko, shavu limelala juu ya bati, pua imejaa harufu ya oili. Nikaigusa. Spana ikakaa. Na hapo, wasomaji wangu, niligundua jambo: mimi nilikuwa nimenasa, lakini na yeye alikuwa amenasa, kwani alishika tochi na hakuwa na pa kukimbilia.

"Baba," nikasema kwa upole, "mtoto mtampakia wapi?"

Akasogeza tochi karibu na bolti.

"Mama, zungusha kushoto."

"Nazungusha. Wapi?"

"Kushoto zaidi."

Bolti ikalegea, jibu likabana.

Themostati ya zamani ilipotoka tuliuona ugonjwa kwa macho. Kifuniko chake cha plastiki kilikuwa na ufa tangu ukingoni. Mkwe akauonyesha kwa Mama Ukuta kama mtu anayeonyesha jino lililong'olewa. Akafungua boksi la kifaa kipya, akakipeleka chote mezani jikoni kusiwe na mchanga, kisha akarudi kukwangua uchafu kwenye injini, pale ulipokuwa umekaa mpira wa themostati ya zamani. Polepole, kwa kipande cha mbao, maana chuma kile ukikichubua ndiyo umeanza kuvuja upya.

Mimi nikaingia jikoni kuchemsha chai.

Hapa ndipo ninapoungama.

Chupa yangu ya chai, ile ya kutunza joto, ilikuwa imepoteza mpira wake wa shingoni. Tangu binti arudi ilikuwa inadondoka mezani ton, ton, ton, nami nilimtuma jana yake: nitafutie mpira wa chupa, umeangukia huko nyuma ya kabati. Sasa naingia jikoni, naona juu ya meza, ubavuni kwa chupa yangu, mpira wa duara, mweusi, unang'aa. Nikasema, mtoto mwema, hata akiwa na hasira anamkumbuka mama yake.

Nikauvisha. Ukaingia kama pete ya ndoa. Nikajaza chai, nikainamisha chupa, hata tone. Nikaiweka rafuni na moyo mkunjufu.

Punde nasikia mkwe yuko jikoni.

"Ringi iko wapi?"

"Ringi gani?"

"Ya mpira. Inakaa kati ya themostati na injini. Ilikuwemo kwenye boksi."

Nikatazama meza. Themostati ipo, kifuniko kipya kipo, boksi lipo. Akilini mwangu ringi ilikuwa kitu kikubwa, kinene, cha gari. Nikamsaidia kutafuta kwa moyo wangu wote. Nilitikisa boksi. Nilipiga magoti chini ya meza, na magoti yangu yanajua niliyoyatenda. Nilimwangalia hata paka mdomoni.

Mkwe akaenda mlango wa chumba.

"Umeona ringi ya mpira?"

"Sijaona."

"Ilikuwa mezani. Humu ndani tuko watatu."

"Unasema nimeificha?"

"Nasema gari likipona utalazimika kurudi. Na hutaki kurudi."

"Mimi nifiche kitu? Hata viatu vyangu sijaviona tangu mwezi uliopita."

Nikasimama ukumbini na ufagio, sijui nifagie nini. Sauti zikapanda.

"Ungesema siku ile tuliyopanga, leo tusingekuwa hapa."

"Kusema ni kazi yangu peke yangu? Mdomo wako umefungwa bolti?"

"Ni mama yako."

"Na wewe ni mwanamume."

Nikadhani wanazungumzia ringi. Nikaingia kati, nikamtoa mkwe nje kwa mkono, nikamwambia tumia ule mpira wa zamani, mbona ulikaa miaka yote. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa avae soksi ya jana kwenda kwenye harusi. Lakini simu ikaita, alikuwa bwana harusi tena, na mkwe akautumia.

Mkono wangu ukaingia tena. Shavu juu ya bati tena. Bolti ya nyuma ikakaza, paipu ikarudi, maji mapya yakamiminwa. Akawasha.

Gari likanguruma vizuri sana. Mama Ukuta akapiga vigelegele vifupi vya majaribio. Mkwe akainama chini kutazama, nami nikainama pembeni yake.

Ton. Ton. Ton.

Palepale.

Akazima. Akatembea mpaka ngazi ya mlango, akakaa, akaweka kichwa katikati ya magoti. Mikono imechubuka, shati la kupigia picha za harusi lina mistari ya oili, na mgongo wake ulikuwa mwembamba kuliko nilivyouzoea. Nilimwonea huruma. Huruma na hasira, vyote kwenye kikombe kimoja.

"Naenda kumwita fundi," nikasema.

"Jioni hii fundi gani atakubali? Tena nyumbani nifuate nini, mama? Mke amenikataa, gari limenikataa."

Niseme nini? Nikaleta chai. Mwanamke akikosa neno ana chai.

Binti naye akatoka, njaa haina kiburi, akakaa ngazi ya juu, mbali na mumewe kwa urefu wa mkono. Nikaweka chupa katikati yao. Nikammiminia mkwe. Akapokea kikombe, akanywa, akaitazama chupa. Akatazama chini ya chupa. Pakavu.

"Imeacha kudondoka," akasema.

"Imepona," nikasema. "Angalau kimoja humu ndani kimepona. Mwenzio huyu ameniokotea mpira wake."

"Mimi?" binti akauliza. "Sijaokota kitu, mama. Nainamaje?"

Mkwe akaweka kikombe chini taratibu. Akafungua chupa yangu. Akachomoa ule mpira kwa ncha ya kidole, akauinua kwenye mwanga, unatoa mvuke.

"Mama," akasema, "hii ringi yangu umeinywesha chai?"

Nilitaka ardhi ipasuke, lakini na ardhi ingekuwa na kazi ya kupita chini ya lile gari. Nikakaa kwenye kigoda. Nikavuta kanga usoni.

Aliyeanza kucheka ni binti. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka akashika tumbo, mpaka akashika bega la mumewe kwa kukosa kingine cha kushika. Na mkono ukabaki pale. Mkwe naye akaanza, kicheko cha mtu aliyekuwa analia kimyakimya. Juu ya ukuta Mama Ukuta akasema, "Jamani niambieni na mimi," na hakuna aliyeweza.

Naona aibu kukuambia, lakini nilijisemea moyoni: chai yangu imefanya kazi ambayo maneno yangu yameshindwa tangu juzi.

Tukasubiri injini ipoe. Mkwe alitaka kufungua kifuniko cha maji injini ingali moto, nikampiga kibao cha mkono, naye bila kunyanyua kichwa akasema, "Asante, mama." Binti akaleta mto, akakaa, akashika tochi mwenyewe. Mpira ukaoshwa, ukafutwa, ukakaa mahali ulipoumbiwa na Mungu na kiwanda. Mkono wangu ukaingia kwa mara ya tatu. Sasa hata bolti ilikuwa inanifahamu.

Maji yakajaa, yakakataa kushuka.

"Hewa imenasa," mkwe akasema. "Pua lazima ipande juu."

Akaipandisha kwa jeki. Mapovu yakaanza kutoka, makubwa kwanza, kisha madogo kama ya mtoto anayecheua. Akaongeza maji. Yakashuka. Akaongeza. Akawasha.

Tulisimama wote watatu tukitazama mshale wa joto kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ukapanda. Ukafika katikati. Moyo wangu ukapanda nao. Ukasimama hapo. Mkwe akashika paipu ya juu kwa vidole.

"Imepata moto. Mlinzi amefungua mlango."

Feni ikavuma yenyewe, ikazima yenyewe. Tukainama, hata yule mwenye tumbo aliinama nusu.

Pakavu.

"Haya," Mama Ukuta akasema, "sasa naweza kwenda kupika."

Binti hakuambiwa. Aliingia chumbani mwenyewe, nikasikia zipu ya begi, sauti tamu kuliko zote nilizosikia wiki hii. Alitoka ametandika kitanda changu. Kumwingiza kwenye gari ilikuwa kazi: kwanza makalio, kisha mguu, kisha tukapumzika, kisha mguu wa pili. Begi akalipakata, lakini tumbo lilikuwa limeshachukua nafasi, kwa hiyo begi likakaa juu ya tumbo na kidevu juu ya begi.

"Umeenea?" mumewe akauliza.

"Endesha kabla sijabadili mawazo."

Wakacheka tena. Nikawaombea heri. Nikafunga mlango wa upande wa binti kwa mikono miwili. Nilishaanza kuwaza shuka gani nitandike, na kesho niamke saa ngapi, au nisiamke.

Nikainama dirishani, kwa kuaga tu. Sikuwa na shari.

"Basi nijibuni, niwaage kwa amani. Viti viwili. Mtoto mtampakia wapi?"

Hawakunitazama mimi. Walitazamana wao.

Mkwe akazima injini.

"Sema wewe," binti akamwambia kutoka nyuma ya begi.

"Subirini kidogo..."

"Baba," nikasema, "leo nimekusubiri mpaka mkono wangu umeingia kwenye injini. Sema."

Akashika usukani kwa mikono yote miwili, na gari limesimama. Akasema akitazama mbele, kwenye ukuta wa nyumba yangu:

"Hatutampakia, mama. Tumepata ukumbi mji wa mbali, harusi kila wiki, mwaka mzima, na huko hatuna ndugu. Akiacha ziwa tu, tunamleta kwako umlee. Sisi hatukugombana kwa sababu ya gari. Tuligombana nani akuambie."